Namna ya Kuuvua Joho Wastani wa Jarida

Ukitaka kulinganisha majarida mawili ya kitaaluma, usianze kwa kuipigia saluti nambari. Ivue joho kwanza. Kile kigezo cha athari kinachotembea kifua mbele kwenye vikao vya kupandisha vyeo ni hesabu ya kugawanya tu: mara ambazo makala za miaka 2 iliyopita zimetajwa mwaka huu, gawa kwa idadi ya makala hizo.

Sasa shika kalamu. Jarida lina makala 10. Tisa zimetajwa mara moja moja, ya kumi mara 91. Jumla 100, wastani 10. Haya, nitafutie humo makala iliyotajwa mara 10. Hakuna! Tisa zimepanda basi kwa nauli ya mwenzao.

Yametokea kweli. Mwaka 2008 kigezo cha jarida la Acta Crystallographica A kilikuwa 2 na ushei. Mwaka 2009 kikaruka hadi 49.9, kikakipita cha jarida la Nature. Makala moja ndiyo iliyofanya hivyo: mwandishi wake, George Sheldrick, alisimulia historia ya SHELX, programu za kuchambua maumbo ya fuwele, na makala yenyewe ikasema yeyote anayezitumia anaweza kuitaja. Wakaitaja kwa maelfu. Mwaka 2011, makala hiyo ilipotoka nje ya ile miaka 2, kigezo kikarudi 2 na ushei.

Kwa hiyo uliza nani kaijaza sufuria. Uliza pia fani: mwanahisabati hutaja kazi ya miaka 30 nyuma bila wasiwasi, na hesabu hii haioni. Haimwoni pia mwanafunzi anayelitaja jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenye tasnifu yake, kwa kuwa inahesabu machapisho yaliyomo kwenye hifadhidata yake tu. Hapo ndipo roho inaniuma. Nimekaa kwenye kikao ambapo makala ya isimu, kazi ya miaka ya kuzunguka vijijini na kinasa sauti, iliwekwa kando kwa sababu jarida lake halikuwa na nambari. Bado ilikuwa kwenye bahasha yake, gundi haijabanduliwa.

Eugene Garfield na mwenzake walikibuni kigezo hiki ili kuchagua majarida ya kuingiza kwenye faharasa yao. Kitumie kwa kazi ya namna hiyo. Ukitaka kujua ubora wa makala, bandua bahasha, vaa miwani, anza ukurasa wa kwanza.