Sifa za Msimbo Usiosomeka

Miongoni mwa vitu vyote vinavyomtumikia binadamu ndani ya kompyuta, hakuna kilichonyimwa sifa zake kama kitambulisho cha kipekee cha programu, yaani ule mfuatano wa tarakimu 32 za heksadesimali (0 hadi 9, kisha A hadi F), uliokatwa kwa vistari katika mafungu ya 8, 4, 4, 4 na 12, ambao Windows Installer, mfumo wa kusakinisha programu uliotoka pamoja na Office 2000, huutumia kutambua kilichomo na kisichomo. Haukaririki wala hausemi lolote, na hapo ndipo heshima yake inapoanza, kwa kuwa jina la programu hutongoza wanunuzi na namba ya toleo hujigamba, ilhali msimbo huu haujawahi kumsifia mtu bidhaa.

Ukarimu wake nao si haba, maana hauji peke yake. Upo msimbo wa bidhaa. Upo msimbo wa kuboreshea, ulio mfano wa jina la ukoo, ambao matoleo yote hurithishana bila kuubadili. Na upo msimbo wa kifurushi, unaotakiwa kuwa mpya kila faili la kusakinishia linapoundwa upya, hata kama kilichorekebishwa ni koma moja. Toleo linapobadilika kwa kiasi kikubwa, msimbo wa bidhaa hubadilishwa na ule wa ukoo huachwa. Sasisho likiwa dogo, yote miwili hubaki.

Anayekosea hufunzwa adabu papo hapo. Akiugusa msimbo wa ukoo, toleo jipya halimtambui mzee wake, na yote mawili hukaa katika orodha ya programu kama wake wenza wasiosalimiana. Akiusahau ule wa bidhaa, kisakinishi humjibu kwa kosa namba 1638, kwamba toleo jingine limeshasakinishwa, jambo alilokuwa akilijua tangu asubuhi. Na aliyedhani atajiokoa kwa kupandisha namba kutoka 2.5.1.7 hadi 2.5.1.8 hugundua kwamba mfumo hulinganisha sehemu tatu za mwanzo tu, na ya nne (ile aliyoitunza kwa bidii kuliko zote) haihesabiki.

Lakini fadhila iliyo kubwa kuliko zote ni staha. Ukiingia katika baadhi ya sehemu za rejista, ambayo ni daftari kuu la Windows, msimbo huvua vistari na mabano, ukageuza mafungu matatu ya mwanzo kinyumenyume, hivi kwamba unaoanza na 12345678 huandikwa 87654321, kisha katika mafungu mawili ya mwisho ukabadilishana nafasi za tarakimu mbilimbili. Fundi anayetaka kufuta mabaki ya programu iliyogoma kuondoka huunakili msimbo, akautafuta humo, akajibiwa kwamba haupo, nao umekaa mbele ya macho yake, umempa kisogo.