Barua ya wazi kwa wanaotia muhuri magari ya Kindu

Nakala kwa kujulisha:
– wauza waya wote wa sokoni;
– askari wa rulaji, popote walipojipanga asubuhi hii;
– Bwana Georg Ohm (marehemu).

Inahusu: unene wa waya

Mheshimiwa Shefu,

Kwanza pokea pongezi. Basi dogo la jirani yangu, kuukuu, lenye usukani kulia, limepata karatasi ya kontrole tekiniki likiwa uani kwake juu ya mawe, magurudumu yameazimwa. Ofisi yako ililikagua bila kuliona. Madaktari wakubwa wa dunia hii bado hawajafika hapo. Tuliisoma karatasi yote kwa heshima: breki nzuri, taa nzuri, klaksoni nzuri. Muhuri ulikaa sawasawa, haukuchafua hata herufi moja.

Ila fomu yenu ina pengo, nalo ndilo lililonishikisha kalamu. Hakuna mahali panapouliza gari limefungwa waya wa unene gani.

Siku utakayokosa shughuli, Shefu, shuka hadi garaji yoyote ya Kasuku yenye kivuli cha mwembe. Utaona miguu ya kijana ikitokeza mlangoni mwa gari; kichwa kiko chini ya dashibodi. Taa za mbele zilikufa jana kwenye barabara ya Kalima, waya wa kiwandani umeungua, na mwenye gari ametumwa sokoni. Anarudi na waya wa spika, ule mwekundu na mweusi ulioshikana, kwa kuwa bei yake ni ndogo na rangi zake zinapendeza. Kijana anaumenya kwa meno, anausokota pamoja na kipande kilichobaki, anazungusha skochi nyeusi. "Papa, hii itashika tu." Na kweli hushika. Hushika moto.

Niwie radhi nikiingiza hesabu ofisini mwako. Balbu ya H4, ile iliyojaa kwenye magari yetu, hula wati 60 ukiwasha taa kubwa. Ziko mbili, ni wati 120. Gawa kwa volti 12, unapata ampea 10. Ampea hizo zote zinapita kwenye shaba, na shaba ikiwa nyembamba huzibania. Mita 4 za waya wa milimita mraba 0.75 humeza karibu volti nzima kabla kuranti haijafika kwenye taa. Mita hizo hizo za waya wa 2.5 hazimezi hata theluthi ya volti. Utasema volti moja ni kitu gani. Lakini mwanga wa balbu huporomoka haraka kuliko volti zake: ukipoteza volti moja kati ya 12, karibu robo ya mwanga imekwenda. Mbuzi anayegongwa usiku huwa amesimama ndani ya robo hiyo. Na volti iliyomezwa haikwenda mbali, imegeuka joto ndani ya plastiki ya waya, nyuma ya dashibodi, mahali ambapo mkaguzi wenu hajawahi kuingiza mkono.

Wa kulaumiwa ni huyo Bwana Ohm, Mjerumani, aliyeitangaza sheria yake mwaka 1827 bila kupita kwenye dirisha lenu wala kulipa ada. Tangu hapo inatumika hadi Maniema pasipo muhuri wowote. Napendekeza aandikiwe barua ya wito.

Mjini hapa kila mtu anajua kuomba waya wa "moja na nusu" au wa "mbili na nusu". Namba hizo ni za milimita mraba, tumezizoea kwa kufunga kuranti majumbani, na hapo ndipo balaa jingine linapoingilia. Waya wa nyumbani aghalabu ni unyuzi mmoja mgumu. Ukutani hauna neno, maana ukuta hausafiri kwenda Kibombo. Ndani ya gari linalorukaruka shimo kwa shimo, unyuzi mmoja huchoka na kukatika palepale ulipokunjwa. Gari linataka waya laini wa nyuzi nyingi: wa moja na nusu huwa na nyuzi kama 30 zenye unene wa robo milimita kila mmoja, wa mbili na nusu huwa na kama 50. Gari likitoka Japani, ndani yake utakuta pia vipimo kama 0.85 na 1.25 ambavyo sokoni kwetu huvioni. Fundi mzuri akikosa unaolingana hupanda kwenye mnene zaidi. Kushuka hashuki, hata mteja akinuna.

Wamarekani nao wana hesabu yao ya kinyumenyume. Kwao namba ikipanda, waya hupungua, namba 18 ni mwembamba kuliko namba 10. Nadhani mtaupenda utaratibu huo, kwa sababu ada zenu na ukaguzi wenu vinakwenda hivyohivyo.

Tuje kwenye fyuzi. Wengi hudhani imewekwa kulinda balbu au redio. Inalinda waya: ikatike yenyewe kabla waya haujawa kaa la moto. Ndiyo maana zina rangi, nyekundu ya ampea 10, bluu ya 15, njano ya 20, kijani ya 30, na waya wa shaba wa moja na nusu hulala salama nyuma ya ile ya bluu. Kwetu ngazi hii hupandwa bila kizunguzungu. Nyekundu imekatika? Tia kijani. Kijani nayo imekatika? Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Nayo ikishindwa, msumari. Msumari haukatiki, Shefu, nausifu kwa hilo. Kinachokatika baada ya hapo ni waya wenyewe, nao umepita chini ya kiti cha mama mwenye mtoto, ubavuni mwa bidoni ya petroli. Juu ya kioo imebandikwa karatasi yenu: umeme, safi.

Sasa niseme linaloniuma. Mwaka 2024 nchi yetu ilikuwa ya pili duniani kwa kuchimba shaba, nyuma ya Chile tu. Mto huu wa Lualaba tunaouvuka kwenda Alunguli unatokea kusini huko huko kwenye shaba, na reli yetu inaelekea huko huko. Lakini nunua waya hapa mjini, ukwangue kwa wembe: chini ya ule wekundu utakuta weupe. Ni alumini iliyovikwa shaba nyembamba kama poda ya bibi harusi. Ili ifanye kazi ya shaba halisi inabidi iwe nene zaidi kwa nusu nzima au kuzidi. Haiwi. Juu ya plastiki wameandika 2.5, plastiki imenona, nyuzi za ndani unazihesabu na vidole vinabaki. Tunasafirisha shaba, tunarudishiwa rangi yake. Na mkaguzi wa magari, ambaye angeweza kuuliza swali hili siku ya kwanza, anaulizia vinyeti.

Maombi yangu hayana gharama. Ongezeni mstari mmoja kwenye fomu, wa waya. Mpeni mkaguzi wembe, amenye sentimita moja, akwangue, ahesabu nyuzi. Afungue kifuniko cha fyuzi, aangalie kama kuna misumari. Msumari hauhitaji mashine ya kuutambua. Atazame na waya wa masi unaorudi kwenye betri, kwa kuwa demarea huvuta ampea zaidi ya 100, na wengine wameufunga kwa waya wa kuanikia nguo, kisha wanashangaa gari kugoma juu ya kivuko huku abiria wakisukuma na mwenye kivuko akitukana. Najua ombi hili ni zito, maana litamlazimu mkaguzi kusimama karibu na gari.

Kama mnataka gari la kujifunzia, pikapu ya ofisi yenu iko chini ya mwembe tangu juzi, taa zote mbili zimekufa. Fundi ameniomba nikuulize, Shefu: atie waya wa mbili na nusu, au muhuri utatosha?

Wako mtiifu,
Abiria wa kiti cha nyuma, Kindu