Mjomba Akujibu: Theluji ya Ulaya Yaitikisa Bongwe

Wiki hii barua zimefurika, na karibu zote zina chanzo kimoja. Mmisionari aliyekaa nasi Bongwe miaka mingi amekwenda kwao Ujerumani kwa likizo, theluji ikamfungia ndani, na kwa kukosa la kufanya akaligeukia kundi la WhatsApp la kijiji. Kila alfajiri anatuamrisha tufanye mazoezi. Matokeo yake ndoa zimeyumba, baraza la kahawa limegawanyika na bodaboda zimekosa abiria. Kwa mila ya Wadigo mambo yakifika hapo huitwa mjomba, kwa hiyo nimeitika. Majina nimeyaficha, ingawa Bongwe hii mtatambuana tu.

Hawanisikii

*Mheshimiwa Mjomba, ninakusalimu katika jina la Bwana. Theluji imeanguka mfululizo tangu Jumapili, na mlango wa mbele haufunguki. Kila siku ninawahimiza ndugu zangu wa Bongwe waruke kamba, wachuchumae na watembee. Wakristo hunijibu "Amina", Waislamu hunijibu "Inshallah", lakini nimearifiwa kwamba wengi wao hawatoki hata uani. Nifanye nini ili wanisikie? — Mfungwa wa Theluji*

Ndugu yangu, picha yako ya juzi tumeiona. Umekaa kando ya jiko, blanketi hadi kidevuni, kipande cha keki mkononi, na chini yake umeandika: "Inukeni!" Mganga hajigangi, tunajua, lakini mganga mwenye akili hajipigi picha akiwa mgonjwa.

Mwenzako aliyekutangulia katika kazi ya umisionari, Johannes Rebmann, alizaliwa hukohuko kwenu, Gerlingen katika Württemberg. Tarehe 27 Aprili 1848 alitoka Rabai pamoja na kiongozi wa msafara, Bwana Kheri, na wachukuzi wachache. Tarehe 11 Mei akauona weupe wa Kilimanjaro. Baina ya tarehe hizo mbili hapakuwa na reli wala lami, bali nyika ya Taru, miiba na kiu. Mwaka huohuo mwenziwe, Ludwig Krapf, alikwenda hadi Vuga kuonana na Mfalme Kimweri wa Usambara. Watu wa Rabai hawakuhimizwa kutembea na wazee hao. Waliwaona wakitembea, wakatikisa vichwa, na wengine wakaingia njiani nao kubeba mizigo.

Basi vaa buti, pitia mlango wa nyuma, shika koleo na ufungue njia hadi kwa jirani yako mzee. Lakini taratibu. Baridi hubana mishipa ya damu na kupandisha presha, na mtu aliyekaa kitako miezi akaamka ghafla kuinua theluji nzito anaweza kuangushwa na moyo papo hapo. Pasha viungo ukiwa ndani. Theluji isukume badala ya kuiinua, na ikibidi kuiinua, chota kidogo na upumzike mara kwa mara. Kifua kikibana, tupa koleo na uite msaada. Ukimaliza tutumie picha ya njia uliyoifungua, na chini yake usiandike kitu.

Theluji na Ikweta wapi na wapi?

*Mjomba, kwenye kahawa tumegombana hadi kikombe kimevunjika. Huyu mmisionari kaandika kwamba hata huku kwetu Afrika kuna theluji, tena karibu na Ikweta. Mimi nimesema ni uongo. Jua hili linalotuchoma Bongwe theluji itapona wapi? Niunge mkono. — Mbishi wa Kahawani*

Mbishi, una mwenzio London. William Desborough Cooley alikuwa bingwa wa ramani za Afrika bila kuwahi kuikanyaga. Habari za Rebmann zilipochapishwa Uingereza mwaka 1849, Cooley alizikana, na katika kitabu chake cha 1852 akaendelea kuzikana. Theluji karibu na Ikweta haiwezekani, mmisionari kaona mambo yake! Krapf naye akasema ameuona Mlima Kenya akiwa Ukambani, Desemba 1849. Hata hilo Cooley hakulitaka.

Ugomvi haukumalizwa na maneno. Ulimalizwa na watu waliopanda. Baroni von der Decken alijaribu mwaka 1861, akarudi tena 1862, theluji ikamwangukia huko mlimani. Mwaka 1871 Charles New wa misheni ya Ribe, hapa hapa Pwani, alipanda akaifikia na kuishika kwa mkono wake. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wakafika kileleni. Cooley alibaki na kiti chake.

Hesabu yenyewe unaweza kuipiga hapohapo barazani. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kama nyuzi 6. Kilele cha Kilimanjaro kiko mita 5,895. Anza na nyuzi 30 za Bongwe, toa 35, umeshuka chini ya sifuri. Jua ni lilelile, ila kule juu hewa ni nyepesi haishiki joto.

Hukumu yangu: lipa kikombe. Kisha panda gari hadi Taveta, uamke alfajiri kabla mawingu hayajakusanyika, utazame kaskazini-magharibi. Lakini usikawie, kwa sababu zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mlimani mwaka 1912 imeshayeyuka, na ubishi wako unaweza kugeuka kweli kwa kuchelewa tu.

Mume wangu amekuwa mwanaspoti

*Shikamoo Mjomba. Tangu ujumbe wa mmisionari uanze, mume wangu kakopa viatu vya mbio na kaptura inayong'aa. Anatoka saa kumi na moja alfajiri, anakimbia hadi njia panda, anarudi kwa bodaboda. Akifika anadai chapati tano na chai ya maziwa, kisha analala kwa sababu "misuli inajengeka". Maji nachota mimi, kuni natafuta mimi, jembe nashika mimi. Nikisema, ananiambia nami nifanye mazoezi. — Nimechoka Mwenyewe*

Marahaba mpwa wangu, na pole. Huyo mumeo simkatazi kukimbia, na mwenye kukimbia hadi njia panda ni bora kuliko asiyekimbia kabisa. Tatizo ni kwamba amesoma ujumbe nusu.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 kwa wiki za shughuli ya kumtoa jasho kiasi, na ikiwezekana zifike 300. Juu ya hizo, siku mbili au zaidi awe na kazi ya kutia misuli nguvu. Sasa sikiliza vizuri: hawakusema lazima uvae kaptura. Kulima kumo, kutembea kwenda kazini kumo, kutwanga kumo, kubeba maji kumo. Kwa hesabu hiyo wewe, mpwa wangu, ulimaliza sehemu yako Jumanne kabla ya adhuhuri. Unachokosa ni kupumzika.

Dumu la lita 20 likijaa lina uzito wa kilo 20. Mawili ni kilo 40, moja kila mkono, na wenye pesa zao huko mjini hulipia chumba chenye vioo ili wabebe kitu cha namna hiyo na kukirudisha palepale kilipokuwa. Kesho asubuhi muwekee madumu mawili mlangoni, matupu, kando ya vile viatu. Mwambie ndiyo zile siku mbili za misuli. Akirudi nayo yamejaa, mpe chapati mbili. Akirudi nayo kwa bodaboda, niletee mimi kesi.

Nataka kutembea, naona haya

*Mjomba, shikamoo. Nina sukari na presha. Daktari kaniambia nitembee kila siku. Nilijaribu mara moja tu. Watoto walinifuata wakipiga makofi, jirani akauliza nani kafa hadi nakimbilia huko, na mwingine akanong'ona kwamba namfuata mwanamume Diani. Nimerudi ndani. Yule mmisionari ananitumia "Songa mbele!" kila siku, namjibu Inshallah. — Mwenye Buibui*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana humo ndimo ulimo ugonjwa wa Bongwe. Kijiji kinamruhusu mwanamke kutembea kilomita nne na mzigo kichwani asiulizwe kitu. Akitembea kilomita moja mikono mitupu, kikao kinakaa.

Dawa ya watu ni watu. Bila shaka una chama cha kuchangiana. Mnakutana, mnaketi mkekani, mnakula viazi vya karai na juisi ya ukwaju, mnapeana zamu ya pesa, mnatawanyika. Peleka hoja: kuanzia mwezi huu mkutane mkitembea. Mara tatu kwa wiki baada ya Alfajiri, mkianzia mikoroshoni hadi barabara kuu na kurudi, na mhazini abebe daftari. Atakayekosa bila udhuru atozwe faini. Mwanamke mmoja akipita buibui linapepea, husemwa. Wakipita kumi na wawili, watu husogea kando na kuuliza mkopo unatolewa lini.

Mwendo wenu uwe wa kuweza kuzungumza lakini msiweze kuimba. Hicho ni kipimo ambacho hata madaktari hukitumia, na kwa kinamama wa Bongwe hakihitaji saa. Siku umbeya ukikatika kwa pumzi, punguzeni. Siku mkijikuta mnaimba, ongezeni.

Kwa kuwa una sukari, kuna mambo hayana mzaha. Muulize daktari kuhusu dawa zako kabla ya kuongeza mwendo. Mfukoni weka kitu kitamu, tende au peremende, maana sukari inaweza kushuka ghafla. Ukitetemeka, ukatoka jasho jembamba na macho yakafanya kiza, keti ule. Usitembee na ndala zilizolika. Vaa kiatu kilichofunika vidole, na jioni kagua nyayo zako moja moja, kwa sababu mwenye sukari anaweza kuchomwa na mwiba asihisi hadi kidonda kimeoza.

Jumamosi shukeni Diani. Nendeni maji yakipwa, mchanga ukiwa umelowa na kushikana. Ule mkavu wa juu, karibu na minazi, unazamisha mguu na kuumiza vifundo. Wakati wa kupwa husogea mbele kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo waulizeni wavuvi kabla hamjafunga safari. Na kama mmebeba ndizi, zifungeni vizuri, nyani wa Diani hawana haya.

Yule mmisionari usimjibu tena Inshallah. Mtumie picha ya chama kizima, migongo tu, mkienda zenu. Mtembea bure si mkaa bure.

Nataka kwenda Olimpiki ya theluji

*Mjomba vipi, nina miaka 16. Mmisionari alituma video ya watu wakiteleza kwenye theluji. Mimi na wenzangu tunateleza kwenye mchanga kwa makarara ya mnazi, na mimi ndiye wa kwanza siku zote. Je, naweza kuiwakilisha Kenya? Babangu anasema nimerogwa. — Bingwa Mtarajiwa*

Mwambie babako aketi, nina habari zake. Philip Boit alikuwa mkimbiaji wa Eldoret. Alipopelekwa Finland mwaka 1996 kujifunza kuteleza ndipo alipoiona theluji mara ya kwanza. Mwaka 1998 akashindana Nagano, Japani, kilomita 10, Mkenya wa kwanza katika Olimpiki ya majira ya baridi. Alimaliza wa 92, wa mwisho kabisa, dakika 20 baada ya mshindi. Mshindi huyo, Bjørn Dæhlie wa Norway, hakwenda kwanza kuchukua nishani yake. Alisimama kwenye mstari akamngoja Boit, akamkumbatia. Boit akaja kumpa mwanawe jina la Dæhlie.

Na kama babako anasema hayo ni ya watu wa bara, mwambie Sabrina Simader alizaliwa Kilifi, akakulia Austria, na mwaka 2018 akaiwakilisha Kenya kwa kuteleza mlimani huko Pyeongchang. Kutoka Kilifi hadi Bongwe hata nauli si kubwa.

Sikudanganyi kwamba karara litakufikisha. Simader alikuwa na milima ya Austria, na Boit alikuwa na mapafu ya kukimbia kabla ya kuvaa vile vibao vya kutelezea. Mapafu na miguu unaweza kuvianza hapa. Kimbia mchangani, panda vilima vya Shimba siku za likizo, na kila siku upate saa nzima ya kuchangamsha mwili, ambacho ndicho kipimo cha umri wako. Halafu fanya alichofanya Dæhlie. Wewe wa kwanza siku zote: ukifika, ngoja yule mnene wa mwisho. Usipomngoja, kesho hatakuja, na utakuwa bingwa wa mashindano ya mtu mmoja.

Abiria wamepotea

*Mjomba, mimi ni dereva wa bodaboda, stendi ya Bongwe. Kinamama wanatembea, vijana wanakimbia, hata yule mwanaspoti anayerudi kwa pikipiki anaomba deni. Nimshtaki mmisionari kwa chifu? — Tangi Tupu*

Usimshtaki. Masika yanakuja, na tope la Bongwe litakurudishia wateja wote pamoja na deni. Ila nakuuliza: kutoka asubuhi hadi magharibi umekaa juu ya kiti hicho, ukishuka ni kula muguka kivulini, na kitambi chako nimekiona kimelala juu ya tangi la mafuta. Chama cha Mwenye Buibui kikianza kutembea, kitapita hapo stendi mara tatu kwa wiki. Funga pikipiki, fuata nyuma, na usijaribu kuwaomba nauli.