Mwingereza Ananizidi Uzalendo

Jirani yangu Mwingereza ananikera. Kibali chake cha ukaazi kinahuishwa kila baada ya muda, lakini mkononi ana bangili ya shanga zenye rangi za bendera yetu, mgongoni begi la kitenge, na kwenye kioo cha gari kaning'iniza bendera yenyewe. Mimi mwenye nchi nina jezi ya Arsenal.

Anaamkia kila kiumbe. Juzi kampigia shikamoo mtoto anayepitisha karanga, na katoto kenyewe, bila haya, kakaitikia marahaba. Kilimanjaro kaupanda hadi kileleni, mita 5,895. Mimi Kilimanjaro naijua ya kwenye chupa. Ananisuta kwamba wenyeji tunalipa kiingilio kwa shilingi wakati wageni wanalipa dola. Namwambia mlima hauhami, haraka ya nini?

Halafu kuna tarehe 9 Desemba. Sikukuu hiyo kwangu huwa ni ya kulala. Yeye asubuhi na mapema kanigongea, kavaa shati la kitenge, ananipongeza kwa Uhuru wa 1961. Mwingereza! Waliotutawala ni kina nani? Nikabaki mlangoni na msuli wangu, sijui niseme asante au nimdai kitu.

Uwanjani kwa Mkapa ndiyo usiseme. Taifa Stars wakifungwa, sisi wananchi dakika ya 80 tumeshamtukana kocha na ukoo wake, tunawahi daladala. Yeye anabaki anapiga makofi hadi filimbi ya mwisho. Nani kamtuma?

Nikadhani uraia umeniponyoka kabisa, mpaka wiki iliyopita umeme ulipokatika. Nilikuwa barazani nalaani kama kawaida: "Nchi hii bwana!" Naye, kutoka kwenye geti lake, akaitikia: "Nchi hii bwana!" Akamalizia na msonyo, tena msonyo safi wa Kiswahili.

Damu ikanichemka. Nchi hii imekukosea nini, bwana? Nikamsomea Bwawa la Mwalimu Nyerere, megawati 2,115, mitambo tisa, maji ya Rufiji, yote hayo nikiwa nimeshika mshumaa. Nikamwuliza kama kwao umeme haukatiki. Akafikiri, akasema kwa kweli haukatiki sana. Sikumuuliza tena.

"Pole, kaka," akasema, akaingia ndani kuwasha jenereta.

Nikamwita mwanangu, nikampa simu na chaja. "Nenda kwa jirani. Mwambie baba anakusalimu."