Plagi Pacha na Kisu cha Shemeji

Waliobuni kompyuta za mezani hawamwamini binadamu hata kidogo. Kila plagi inayotoka kwenye saplai ya umeme wameichonga umbo lake: matundu mengine ya mraba, mengine yamekatwa pembe, na ubavuni ulimi wa kunasa, ili mkono usikosee hata gizani. Mpango mzuri kabisa. Tatizo ni kwamba hawakuwahi kukutana na shemeji yangu.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya kuhariri video za harusi, kazi ambayo Dar es Salaam haipoi ila Kwaresma na Ramadhani. Kariakoo nilipata mazabodi ya mtumba iliyotolewa kwenye ofisi fulani huko Ulaya, yenye soketi mbili za prosesa, na prosesa zake juu. Bei ilikuwa ya kutupa. Muuzaji alipokea hela, akanishika mkono, akanitakia heri kwa sauti ya mtu anayesindikiza msafiri wa mbali.

Mazabodi ya namna hii hulishwa umeme sehemu tatu. Ipo plagi kubwa ya pini 24, ambayo haifichiki. Halafu kila prosesa ina tundu lake la pini 8, la volti 12. Kwa nini prosesa ipewe mlango wake? Piga hesabu: prosesa ya wati 120, kwa volti 12, inavuta ampea 10. Lakini yenyewe ndani inaishi kwa volti 1 hivi, na hapo ampea zinafika 120. Ukitaka kuzisafirisha ampea zote hizo kutoka kwenye saplai utahitaji nyaya nene kama za kubusti betri ya lori. Kwa hiyo umeme huletwa na volti zake 12 hadi mlangoni pa prosesa, ndipo unashushwa. Mtindo huu ulishika kasi kuanzia mwaka 2000, Intel ilipoleta Pentium 4 na plagi ndogo ya pini 4. Njaa ikazidi, pini zikawa 8.

Na matundu hayo yamewekwa wapi? Pembeni kabisa juu, nyuma ya vipoza joto vyenye mapezi makali, mahali ambapo vidole vya mtu mzima havikuwahi kualikwa.

Shemeji alifika Jumamosi na bisibisi yake. "Shem, hii ni ya dakika kumi tu." Akafunga mazabodi, akakaza skrubu zote, akapachika vipoza joto na feni, kisha akanyoosha mkono kutafuta ile pembe. Mkono ukarudi na damu. Ikabidi vyote vifunguliwe, nyaya zipitishwe kwanza, ndipo vifungwe upya. Zile dakika kumi hazikutajwa tena.

Alipowasha, feni zote zikazunguka, taa zikamulika, watoto wakapiga makofi. Mke wangu akatoa kigelegele cha kaka yake. Skrini ikabaki nyeusi tii. Watu wengi hawajui kwamba feni zinakula kwenye mazabodi kupitia ile plagi kubwa. Prosesa hata ikilala njaa, zenyewe zinacheza ngoma tu. Saplai yetu ilikuwa na plagi moja tu ya prosesa. Tundu la pili lilikuwa wazi.

Jirani yetu, mzee aliyetengeneza redio na kompyuta tangu zamani, alisikia makofi akaja. Tukamwamkia, akachungulia, akatoa hukumu: "Nyeusi kwa nyeusi, wanangu." Na alikuwa na haki yake. Kompyuta za IBM za mwaka 1981 na nyingi zilizofuata zililishwa kwa plagi mbili, P8 na P9, zilizokaa bega kwa bega. Nyaya nyeusi lazima zikutane katikati, ukizipishanisha unaiunguza mazabodi. Kiwango cha ATX cha mwaka 1995 kilileta plagi moja na kuufuta mtego huo. Isitoshe, saplai yetu ilikuwa ya kisasa, na nyaya zake zote ni nyeusi.

Hapo ndipo shemeji alipoiona plagi pacha, ile ya kadi ya picha. Pini 8, ukubwa uleule, rangi ileile. Ila umeme wake umegeuzwa: kwenye plagi ya prosesa volti 12 zipo upande wa ulimi, kwenye hii upande huo ni wa nyaya za ardhi. Ndiyo maana maumbo yake hayalingani, na ndiyo maana iligoma kuingia.

"Imebana tu," akasema, akaagiza kisu cha kumenyea viazi.

Binti yangu wa darasa la nne akasogea. "Mjomba, hii imeandikwa PCI-E. Ile nyingine imeandikwa CPU."

"Hayo ni mambo ya kiwandani."

Akainyoa plagi kwa utulivu wa kinyozi wa bwana harusi, ikaingia, akawasha. Tik. Kimya. Feni hazikugeuka hata nusu mzunguko.

"Umeme umekatika," shemeji akatangaza, chini ya taa inayowaka.

Kilichotuokoa ni kinga ya saplai yenyewe: ilihisi volti 12 zimekutana na ardhi, ikajizima kabla ya madhara. Saplai za bei chee mara nyingi kinga hiyo ni maandishi ya kwenye boksi tu. Wiki iliyofuata tulipata nyingine yenye plagi mbili zilizoandikwa CPU, zikaingia zenyewe bila kubishana, skrini ikawaka, na prosesa zote mbili zikaonekana. Shemeji sasa anasimulia kwenye vikao vya harusi jinsi alivyoifufua.

Kwa hiyo wewe unayekwenda kununua saplai, usimwulize muuzaji wati peke yake. Mwambie afungue boksi, uhesabu plagi zilizoandikwa CPU, ulinganishe na matundu ya mazabodi yako. Na kama unamwita fundi nyumbani, visu vya jikoni vifungie kabatini kabla hajafika.