Sifa za Mkimbiaji Asiyekimbia

Simba kasifiwa vya kutosha. Leo namvisha koja "run", neno la Kiingereza lenye herufi tatu tu na kazi nyingi kuliko miguu ya jongoo.

Mwalimu wa msingi atakwambia maana yake ni kukimbia. Usimlaumu, mshahara wake hautoshi kueleza yaliyobaki. Mwaka 2011 iliripotiwa kwamba Peter Gilliver, mhariri wa kamusi kuu ya Oxford, amelipatia maana 645 kwa upande wa kitenzi pekee, kazi iliyomchukua miezi tisa. Mimba kamili! "Set", lililotamba katika toleo la 1989, likavuliwa taji.

Lakini wingi huo si hoja yangu. Ninachokistahi ni huruma ya neno hili, maana halimchoshi mtu. Mgonjwa amelala kitandani, pua yake "inakimbia". Gari limeegeshwa, dereva kasinzia, injini "inakimbia". Ukuta wa mawe ambao haujasogea tangu enzi za mababu nao "unakimbia" kando ya barabara hadi kanisani. Septemba 2007 Waingereza waliingiwa na hofu kwamba benki ya Northern Rock itazama na akiba zao. Wakafanya nini? Wakapanga foleni nje ya matawi yake, kwa adabu zao zote, wakasubiri. Foleni ile, ya watu waliosimama wima, wachumi waliiita "run". Na katika kriketi, mpigaji akiupeleka mpira nje ya mpaka bila kudunda uwanjani, huandikiwa "run" sita papo hapo, wala halazimiki kunyanyua unyayo.

Wanasiasa ndio wanaolifaidi zaidi. Mmarekani anayeutaka urais "anakimbia". Mwingereza anayeutaka ubunge "anasimama". Ukiwatafuta, utawakuta wote wawili wameketi mbele ya kamera.

Najua kuna watakaonitupia "piga" yetu: tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga mswaki, na hakuna anayeitiwa polisi. Sawa, ni mtani wake wa haki. Ila "piga" ya mifano hiyo angalau hudai mkono ufanye kitu.

Wa kuonewa huruma ni Eliud Kipchoge. Mwaka 2022 aliimaliza marathoni ya Berlin kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9, kilomita 42 na ushei, kwa miguu yake mwenyewe. Katika hesabu ya Oxford jasho lile linapata kijisehemu tu. Shamba lote lililobaki tumegawana sisi tulioketi. Haki ipo mahali pamoja. Neno hilohilo likiwa nomino, ukalitia "s" mwishoni na "the" mbele yake, Mwingereza anakusudia tumbo la kuhara, na hapo mtu hukimbia kwelikweli, ingawa hakuna anayemshikia saa.