Safu ya Nasaha: Redio na Chenja Zisizosikilizana

SWALI: Mheshimiwa Mshauri, nina Toyota Noah iliyotoka Japani na redio yake. Nilishuka Gerezani, Kariakoo, nikanunua chenja ya Pioneer ya CD 6. Fundi amekata nyaya, ameunga, jasho limemtoka. Redio haitamki neno, na mke wangu hanisemeshi. Nifanyeje? (Mwenye Gari Bubu, Magole)

JIBU: Ndugu yangu, ama baada ya salamu, safu hii iliasisiwa kuwasuluhisha mke na mume, na kwa hivyo kesi yako si ngeni hapa: wawili wamewekwa chumba kimoja bila ya kuulizwa kama wanasikilizana. Toyota waliamrisha chenja zao kwa mfumo wa AVC-LAN, hali Pioneer walikuwa na IP-BUS, Alpine Ai-NET na Sony UniLink. Na maadamu amri ya kucheza au kubadili CD hupita kwa ishara azifahamuzo mwenziwe tu, fundi hata angeunga waya kwa waya kwa taadhima zote, chenja isingeitika, ingawa kukata nyaya kabla ya kuuliza ni israfu nisiyomsamehe.

Dawa iliyo nyepesi ni modyuleta ya FM, kijisanduku kipenyezacho sauti ya CD katika waya wa eriali, aghalabu kwenye 87.9 au 88.3, hata redio ikadhani imekamata kituo. Illa chenja ya IP-BUS tupu haina wa kuiamrisha. Rudi Gerezani kwa upole ukaibadilishe kwa ile iuzwayo pamoja na modyuleta na rimoti yake ya waya. Na hapa ile ila ya redio nyingi za Kijapani za zamani, ambazo husikia megahezi 76 hadi 90 tu na kutunyima vituo vyetu vingi vya juu, inageuka kuwa neema, kwani masafa ya modyuleta yamo humo humo. Lakini kama gari limefungwa ekspanda ya kushusha masafa ya vituo, modyuleta sharti ikae kati ya ekspanda na redio. Ukiitanguliza, ekspanda itaishusha sauti yako, huenda hata chini ya 76, nawe utamlaumu muuzaji bure.

Waya wa njano uende betri, mwekundu kwenye swichi, mweusi kwenye bodi. Na huo mweusi usiufunge juu ya rangi, bali kwangua mpaka bati ling'are, la sivyo utasikia mluzi unaopanda kila ukanyagapo mafuta, na abiria wa Dumila watadhani injini inakufa. Fauka ya hayo, fungua zile skrubu za safari zilizoikaza chenja tangu kiwandani, maana mafundi wengi huzisahau, kisha CD ikaruka kila tuta.

Mintarafu ya mkeo, msemeshe wewe kwanza, na umweleze bei ya kweli.

SWALI: Dereva wetu ana chenja ya CD 6, na zote ni za mwimbaji mmoja. Nivumilie mpaka Morogoro? (Abiria, Dumila)

JIBU: Mzawadie CD ya Msondo Ngoma mbele ya abiria wenzako. Kasha halina nafasi ya saba, na haya itamlazimu kutoa moja.